Kikapu cha shule: Kigoma ina watu wengi kuliko Arusha, mbona haitajwi?

Arusha ina watu 2,356,255. Kigoma ina watu 2,470,967. Hizo ni takwimu za Sensa ya 2022. Kwa hesabu ya vichwa Kigoma iko juu, tena kwa zaidi ya watu laki moja.

Sasa muulize mpenzi yeyote wa kikapu akutajie mikoa mitano yenye kikapu cha shule cha nguvu. Dar es Salaam atakutajia kabla hujamaliza swali. Mwanza itafuata, Arusha, pengine Mbeya, pengine Dodoma. Mwenye asili ya visiwani ataongeza Unguja. Kigoma itasubiri sana.

Jibu la haraka ni kwamba Kigoma ni mbali, ni mwisho wa reli, na watu wake wanapenda mpira wa miguu. Lina ukweli ndani yake. Juma Kaseja, golikipa aliyedumu langoni kwa miaka mingi kuliko makipa wengi wa Tanzania, ni mzaliwa wa huko. Lakini jibu hilo linaacha swali kubwa zaidi: tunaposema mkoa fulani "uko vizuri" kwenye kikapu cha shule, tunapima nini hasa?

Mkoa unashinda, shule haionekani

Kwa Tanzania Bara, kipimo kikuu ni UMISSETA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari. Hufanyika katikati ya mwaka, shule zikiwa zimefungwa. Mchujo unaanza shuleni, unapanda kata, unakwenda wilaya, unafika mkoa. Mwisho kila mkoa unapeleka timu yake taifani.

Hapo ndipo penye kitu ambacho wengi hawakiangalii. Timu inayoingia uwanjani ni ya mkoa. Ni kombaini: wawili wa shule hii, mmoja wa ile, watatu wa shule nyingine ya mjini. Wanakutana kambini, wanafanya mazoezi kwa siku chache, wanapanda basi.

Kenya wanafanya tofauti. Kule shule ndiyo inayopanda ngazi, kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda na taifa. Ikifika fainali inafika na jezi yake, kocha wake na wachezaji ambao wamecheza pamoja mwaka mzima. Na mashindano ya shule za Afrika Mashariki, FEASSA, nayo hushindanisha shule kwa shule.

Kwa hiyo jedwali la Kenya linakuambia shule gani ina programu nzuri. Jedwali la UMISSETA linakuambia mkoa gani umeweza kuchagua wachezaji 12 wazuri na kuwaunganisha haraka. Ni maswali mawili tofauti, ingawa watu huyajadili kana kwamba ni moja.

Laiser Hill na Kaya Tiwi

Mfano wa Kenya unasaidia kuona jinsi ramani inavyoweza kudanganya.

Laiser Hill Academy imekuwa moja ya majina makubwa ya kikapu cha wavulana Kenya. Kwenye mashindano inahesabiwa upande wa Bonde la Ufa. Basi mtu akisoma matokeo atasema Bonde la Ufa lina kikapu. Lakini shule yenyewe iko Ongata Rongai, Kajiado, pembeni kabisa mwa Nairobi, mahali ambapo watu hupanda matatu asubuhi kwenda kazini mjini. Mwanafunzi wa Turkana, mamia ya kilometa kaskazini, naye yuko kanda hiyo hiyo. Kombe la Laiser Hill halimwambii chochote kuhusu uwanja wa shule yake.

Upande wa wasichana kuna Kaya Tiwi, shule ya Kwale, pwani ya kusini. Imekuwa tishio kwa vipindi virefu na imezisumbua shule za Nairobi zenye kila kitu. Kwale si kaunti tajiri. Ilichokuwa nacho ni shule moja iliyoamua, miaka ikapita, wasichana wakaendelea kuja.

Mifano hiyo miwili ukiiweka pamoja unaona kitu: kanda nzima inaweza kubebwa na geti moja la shule. Likifungwa hilo, kanda inashuka.

Makongo hadi Bagamoyo

Tanzania nayo ina hadithi yake. Kwa miaka mingi ukitaja michezo ya shule Dar es Salaam ulikuwa unataja Makongo, shule iliyo chini ya jeshi. Mkuu wake wa enzi hizo, Kanali Iddi Kipingu, alijulikana nchi nzima kwa kukusanya vijana wenye vipaji na kuwapa nafasi ya kusoma huku wanacheza.

Baadaye Kipingu akaanzisha shule yake, Lord Baden Powell, huko Bagamoyo. Bagamoyo ni Mkoa wa Pwani.

Fikiria hesabu yake. Mtu mmoja na utaratibu wake anahama kutoka Dar kwenda Bagamoyo, safari isiyofika hata kilometa 80, na hapo hapo wachezaji ambao wangehesabiwa Dar wanaanza kuhesabiwa Pwani. Watoto wa Pwani hawakurefuka mwaka huo, na hakuna viwanja vilivyoota Rufiji.

Kuna njia nyingine, ya kimyakimya, inayohamisha nguvu za mikoa kila mwaka: uchaguzi wa kidato cha tano. TAMISEMI inapotoa majina, mtoto wa Kasulu anaweza kujikuta Mwanza, wa Mtwara akapelekwa Tabora, wa Singida akaenda Mbeya. Ndiyo uzuri wa utaratibu huo, unachanganya nchi. Lakini kwenye kikapu maana yake ni kwamba kijana aliyejifunza mchezo nyumbani kwao, akafikisha miaka 18 na mwili umekaa sawa, anachezea mkoa alikopangiwa. Mkoa wenye shule nyingi za kidato cha tano na sita unapokea vijana waliokomaa. Wenye chache unabaki na wa kidato cha pili na cha tatu.

Kwenye kikapu, tofauti ya miaka miwili katika umri huo si ndogo. Ni sentimeta kadhaa za urefu, na mabega.

Makere iko wapi kwenye hesabu hii

Makere ni kata ya Wilaya ya Kasulu, kwenye njia ya kwenda Kibondo, nyanda za juu za Kigoma. Watu wa nje wanalijua jina hilo kwa sababu ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iliyo jirani. Kwa wenyeji ni mahali pa maharage, mihogo na mahindi, na barabara ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika.

Chukua mwanafunzi wa sekondari wa hapo mwenye kipaji cha kweli. Mkoa wa Kigoma una halmashauri nane: Kigoma Ujiji, Kigoma Vijijini, Kasulu Mji, Kasulu Wilaya, Kibondo, Kakonko, Buhigwe na Uvinza. Timu ya kikapu ina nafasi 12. Ukigawa, kila halmashauri inapata mchezaji mmoja na nusu.

Mwanafunzi huyo atatakiwa aonekane kwanza kwenye kata, kama kuna shule ya pili ya kucheza nayo. Kisha aonekane wilayani, kwa mechi chache. Kisha aende mkoani, ambako kocha wa kombaini ana siku za kuhesabu na tayari anawajua vijana wa Ujiji na Mwanga aliowaona wakicheza mwaka mzima. Kocha huyo hana ubaya. Anafanya kile ambacho kocha yeyote mwenye muda mfupi angefanya, anachukua anachokijua.

Dar es Salaam ina halmashauri tano, na mtu anaweza kutoka Kigamboni hadi Ubungo na kurudi siku hiyo hiyo, foleni ikiruhusu. Kutoka Kakonko hadi Uvinza kwa ajili ya mechi moja ya kirafiki ni jambo jingine. Ndiyo maana barabara ya lami ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, zaidi ya kilometa 260 zinazogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni habari ya michezo pia, ingawa haijawahi kuandikwa kwenye kurasa za michezo.

Uwanja wa udongo unafundisha mchezo mwingine

Hapa ndipo tofauti ya mikoa inapoonekana kwa macho, na ndipo inapofaa kukaa kidogo.

Kikapu ni mchezo wa kudunda mpira. Kwenye sakafu ya saruji mpira unarudi mkononi palepale unapoutegemea. Kwenye udongo wa shule nyingi za vijijini unagonga kijiwe unakwenda kulia, unagonga mahali palipolowa haurudi kabisa. Mtoto ana akili, anajifunza haraka: usidunde. Toa pasi. Kimbia, pokea, toa pasi tena.

Matokeo yake ni mchezaji anayepiga pasi nzuri na anayekimbia bila kuchoka, lakini ambaye mkono wake haujazoea mpira chini.

Mpeleke sasa kwenye mashindano, mbele ya timu ya mjini. Sheria inampa sekunde 8 kuvuka nusu ya uwanja na sekunde 24 kurusha golini. Kocha wa upande wa pili akiona tu udhaifu huo, anaagiza wachezaji wake wakabe uwanja mzima, kuanzia mpira unaporushwa kutoka nje. Wawili wanamvamia. Pasi imezibwa. Kudunda hawezi. Mpira unapotea, kapu. Unapotea tena, kapu.

Kwa dakika tano mechi imekwisha. Watu jukwaani wanasema mkoa huo hauna vipaji.

Na ubao nao una somo lake. Goli nyingi za kikapu vijijini zina ringi iliyochomelewa kwenye bomba au mti, ubao wa mbao uliopinda, au hakuna ubao. Mtoto wa hapo hajui kutumia ubao kufunga kwa pembeni, kwa sababu ubao wake humrudishia mpira unakotaka wenyewe. Hajui pia kusoma rebaundi, yaani mpira uliokosa utaangukia wapi. Hayo ni mambo ya kujifunza kwa maelfu ya marudio, na marudio hayaji bila kifaa kilichonyooka.

Kwa nini basi wasichana wa shule hizo hizo huwa wazuri kwenye netiboli? Sababu moja ni rahisi mno kiasi kwamba inasahaulika: netiboli haina kudunda. Uwanja wa udongo hauwaadhibu. Ringi ya netiboli iko mita 3.05 kutoka ardhini, sawasawa na ya kikapu, na ni nyembamba zaidi: sentimeta 38 kwa 45. Msichana aliyezoea kufunga netiboli tayari ana kipimo cha urefu mkononi, tena kwa tundu dogo. Anachokosa ni sakafu na ubao.

Saruji mifuko mingapi?

Uwanja kamili wa kikapu ni mita 28 kwa 15, yaani mita za mraba 420. Ukimwaga zege la unene wa sentimeta 10 unahitaji mita za ujazo 42. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa mafundi wetu hiyo ni mifuko kama 250 hadi 280 ya saruji ya kilo 50, ukiacha kokoto, mchanga, maji, fundi na usafiri. Saruji ya Kasulu imebebwa kutoka mbali, na msafirishaji hafanyi hisani.

Shule itoe wapi? Tangu Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, sekondari za serikali hazitozi ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na michango ya lazima iliondolewa. Ilikuwa ni nafuu kubwa kwa wazazi wa Makere kama kwingineko, na hakuna mzazi anayetaka kurudi nyuma. Ila fedha za michezo ambazo shule zilikuwa zikichangisha zilikwenda na michango hiyo. Ruzuku iliyobaki ina foleni ndefu ya mahitaji: chaki, karatasi za mitihani, umeme, mlinzi. Mkuu wa shule akinunua mipira miwili ya kikapu kabla ya kukarabati choo, atalaumiwa, na atakuwa amestahili.

Sekondari za kata zenyewe zilijengwa kwa kasi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, kwa nguvu za wananchi. Madarasa kwanza, nyumba ya mwalimu, kisha maabara. Eneo la michezo likabaki eneo, magoli mawili ya miti na nyasi. Tena ziliibuka wakati michezo ya shule inajikongoja, kwa sababu mwanzoni mwa muongo huo ilikuwa imesimamishwa kwa muda. Walimu waliokuwa wanafunzi miaka ile wengi hawakupitia UMISSETA. Sasa wao ndio wanaotakiwa kuifundisha.

Mijini hali ni nyingine kwa sababu ambazo hazihusiani na shule hata kidogo. Dar ina uwanja wa Don Bosco Upanga, ambao umelea vizazi vya wachezaji. Tangu 2015 ina Kituo cha Michezo cha Jakaya Kikwete pale Kidongo Chekundu, na viwanja vyake vya kikapu. Ina ligi ya mkoa ambayo kijana wa kidato cha tatu anaweza kwenda kuitazama jioni, akaona mtu mzima anafanya kile ambacho kocha wake alikuwa akikieleza kwa maneno. Mwanza ina Chuo cha Ualimu Butimba, kinachojulikana kwa kuandaa walimu wa michezo na sanaa. Walimu hao hupangiwa nchi nzima, lakini chuo chenyewe, viwanja vyake na wanachuo wake viko Mwanza.

Hasheem Thabeet alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15. Alikuwa Dar. Ndani ya miaka michache alikuwa Marekani, akapitia shule moja ya Houston, akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika nchi nzima. Kijana mrefu kiasi kile akiwa Kibondo na miaka 15, nani angempa mpira wa kikapu? Pengine angesimama golini kwenye mpira wa miguu.

Majirani wa Nyarugusu

Kuna sehemu moja ya hesabu ya Kigoma ambayo haipo mkoa mwingine wowote kwa ukubwa huo.

Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kupokea Wakongo, wengi wao kutoka Kivu Kusini. Mwaka 2015 Warundi wakamiminika na kambi ikavuka watu 150,000, mji mkubwa kwa kipimo chochote cha Kigoma. Kibondo nayo ikapata Nduta.

Hao wanatoka nchi ambazo kikapu kina mizizi mirefu. Burundi iliipeleka Dynamo ya Bujumbura kwenye ligi ya Afrika, BAL, mwaka 2024, ingawa safari iliishia kwenye mgogoro wa maandishi ya jezi. Kongo ndiyo usiseme. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa. Bismack Biyombo ni wa Lubumbashi, Jonathan Kuminga wa Goma, miji miwili inayozungumza Kiswahili. Wote wawili walichaguliwa nafasi ya saba NBA, mmoja 2011, mwingine 2021.

Lakini watoto wa kambini wanasoma kwa mitaala ya nchi walikotoka, na UMISSETA ni ya sekondari za Tanzania. Kwa hiyo kijana wa Kikongo na kijana wa Makere wanaweza kuishi kilometa chache kutoka kwa kila mmoja, wakakutana sokoni wakaelewana kwa Kiswahili, na wasikutane kamwe kwenye mashindano rasmi ya shule. Nguvu ya kikapu iliyopo eneo hilo, iwe kubwa au ndogo, haiingii kwenye jedwali la mkoa. Sheria za wakimbizi kutoka nje ya kambi zinajulikana, hilo halibadiliki kwa matakwa ya walimu wa michezo. Hata hivyo mtu anayelinganisha mikoa kwa idadi ya vijana wenye miguu na mikono akumbuke kwamba Kigoma ina vijana wengi ambao haihesabiwi nao.

Safari nayo ni mechi

Angalia mashindano yamefanyikia wapi. Mwaka 2019 Mtwara. Mwaka 2020 corona ikafunga shule. Mwaka 2021 Mtwara tena. Kuanzia 2022 hadi 2024 Tabora. Mwaka 2025 Iringa.

Kwa Kigoma, Mtwara ni kuivuka nchi kutoka Ziwa Tanganyika hadi Bahari ya Hindi. Reli peke yake kutoka Kigoma hadi Dar ni takriban kilometa 1,250, na ukifika Dar bado una zaidi ya kilometa 550 za kusini. Timu inashuka kwenye basi miguu imevimba, inapangiwa mechi kesho yake na mkoa uliolala safari moja tu.

Tabora ilikuwa afadhali, ni jirani. Kama mtu anataka kupima Kigoma kwa haki, alinganishe matokeo yake ya miaka ya Tabora na ya miaka ya Mtwara, mchezo kwa mchezo. Tofauti ikiwa kubwa, sehemu ya "udhaifu" ilikuwa uchovu.

Na apime kwa tofauti ya pointi, si kwa kushinda na kushindwa peke yake. Mkoa uliofungwa mechi tatu kwa pointi nne nne ni timu nzuri isiyo na bahati. Uliofungwa tatu kwa pointi arobaini arobaini una tatizo la msingi. Kinachosambaa kwenye magrupu ya WhatsApp huwa ni bingwa na picha ya kombe, basi. Maafisa michezo wanaobaki na karatasi za matokeo wana hazina wasiyoitumia.

Nusu uwanja, ringi moja

Kati ya mambo yanayoweza kubadilisha picha bila kusubiri miaka ishirini, moja liko wazi: kikapu cha watatu kwa watatu. Kinachezwa kwenye ringi moja, eneo la mita 15 kwa 11. Mechi ni dakika 10, au timu ya kwanza kufika pointi 21. Kimeingia Olimpiki tangu michezo ya Tokyo, na shule za Afrika Mashariki tayari zinakicheza FEASSA.

Kwa hesabu ileile ya zege, eneo hilo ni mita za mraba 165, mifuko kama 105 ya saruji badala ya 260 na ushee. Kwa shule ya Kasulu au Kibondo hiyo bado ni fedha nyingi, ila ni kiasi ambacho kamati ya shule, mbunge na mfanyabiashara mmoja wa mazao wanaweza kukizungumza bila kucheka. Timu ina wachezaji wanne tu, mmoja akiwa wa akiba. Kata yenye shule mbili inaweza kufanya ligi kila Ijumaa. Na kwenye mchezo huo hakuna anayeweza kujificha nyuma ya pasi: kila mmoja anadunda, kila mmoja anakaba, kila mmoja anafunga. Ni dawa ya ule ugonjwa wa uwanja wa udongo.

Serikali nayo imekuwa ikizungumzia shule maalumu za michezo, mbili kwa kila mkoa. Mpango ni mzuri. Swali la Kigoma ni shule hizo zikae wapi. Zikikaa zote Kigoma Ujiji, mkoa utapata timu bora ya kombaini na Makere itabaki ilipo. Moja ikikaa juu, Kasulu au Kibondo, kombaini inaweza kuchelewa kushinda, kwa sababu mabweni yatajaa watoto ambao hawajawahi kudunda mpira kwenye saruji. Wanaopenda makombe ya haraka watachagua mjini. Buhigwe, Kakonko na Kibondo ni wilaya za watu wengi pia, na mtoto wa huko hawezi kushuka ziwani kila Jumamosi kwa ajili ya mazoezi.

Kwa sasa, njia iliyo wazi zaidi kwa mchezaji mzuri wa Makere ni kufaulu kidato cha nne na kupangiwa shule ya mbali yenye uwanja. Akienda Mwanza akang'ara, jedwali litaandika Mwanza.